Kwa Nini Twarudi Katika Dhambi Ileile?



Kila mara Pasaka ikikaribia twajipanga mbele ya kiti cha maungamo, na kila mara twapeleka mzigo uleule. Mlevi anapeleka ulevi wake. Mwenye ulimi mkali anapeleka matusi yake. Aliyekosana na jirani anapeleka chuki ya mwaka jana, nayo imezidi kunenepa. Tunasema sala ya majuto, tunapokea malipizi, tunarudi nyumbani wepesi kama mtu aliyetua kuni. Juma la kwanza lapita vema. Juma la pili twaanza kuteleza. Hata Pentekoste haijafika, dhambi imekwisha kurudi, kama kuku arudivyo jioni bila kupotea njia.

Ndipo wengine huchoka. Husema: «Faida gani kuungama, nami najua nitaanguka tena? Afadhali nikae, nisimdanganye Mungu.» Maneno hayo twayajua vizuri, maana sisi wenyewe tumeyasema moyoni zaidi ya mara moja. Basi leo twataka kuuliza waziwazi: Ni kitu gani hasa kinachoshinda dhambi? Je, ni woga? Je, ni nguvu zetu wenyewe? Au kuna kitu kingine ambacho hatujakitumia?

1. Moto na nyasi

Wenyeji wa Pepa wajua jinsi nyanda hizi za juu za Marungu zilivyo wakati wa kiangazi. Nyasi zimekauka, upepo ni baridi, na moto ukiwashwa wapanda kilima na kushuka upande wa pili. Asubuhi yake nchi yote ni nyeusi. Mgeni angesema: Nyasi zimekwisha. Lakini mchunga ng'ombe hacheki wala halii, kwa maana ajua kwamba mvua ya kwanza ikinyesha majani yatachipua, tena yatakuwa mabichi na laini kuliko yale ya kwanza. Moto umekula majani, haukula mizizi.

Woga ndio moto huo. Mtu huacha kuiba kwa kuogopa kufungwa. Huacha uzinzi kwa kuogopa ugonjwa, au kwa kuogopa maneno ya watu. Huacha lutuku kwa sababu padri amemkemea mbele ya wenzake. Haya si mabaya; afadhali kilima cheusi kuliko nyumba kuungua. Lakini ndani ya moyo mzizi ungali mzima. Mzizi ni nini? Ni kule kuipenda dhambi. Mtu ameiacha kwa mkono, hajaiacha kwa moyo, naye anaitazama kwa mbali kama mtoto atazamavyo sukari iliyowekwa juu ya kabati. Wahenga walisema: Paka akiondoka, panya hutawala. Siku woga ukiondoka, dhambi yatawala tena.

Sasa tushuke bondeni, penye kijito. Huko kuna miti mikubwa iliyosongamana, na chini yake hakuna nyasi za kilimani. Nani amezing'oa? Hakuna aliyezing'oa. Miti imekua, imeleta kivuli, na nyasi zimekosa mahali. Hata moto wa kiangazi ukifika ukingoni pale hufifia, kwa sababu ardhi ina maji.

Hayo ndiyo tunayotaka kusema leo. Dhambi haishindwi kwa kuchomwa tu. Dhambi yashindwa pale mapendo ya Mungu yanapokua moyoni hata yasiachie nafasi kitu kingine. Mti huo ulikwisha kupandwa siku ya Ubatizo wetu. Swali ni hili: Je, tumeutunza, au tumeuacha mche ule ule miaka yote, huku tukihangaika na moto?

2. Kapita na baba

Labda mtu atauliza: «Nitampendaje Mungu? Mimi namwogopa.» Twajibu: Tazama kwanza ni Mungu gani uliye naye moyoni mwako.

Wengi wetu twamfikiri Mungu kama kapita wa shamba. Kapita asimama na kitabu chake, anaandika nani amechelewa na nani amelala. Akigeuza uso, jembe lapumzika. Jioni kila mtu ashukuru kwamba hakuonekana. Mkristu wa namna hii ashika amri, ndiyo, lakini azishika kama mtumishi wa mshahara. Ahesabu: mpaka hapa ni dhambi ndogo, mpaka pale ni dhambi kubwa, naweza kufika wapi bila kuanguka motoni?

Lakini mwana katika shamba la baba yake hafanyi hivyo. Baba akiwa safarini, mwana apalilia vilevile. Akiona ng'ombe ameingia katika mahindi, hangoji kuitwa. Kazi ni ileile, jua ni lilelile, lakini moyo ni mwingine.

Bwana wetu alitueleza jambo hili katika mfano wa baba mwenye wana wawili, nasi twausikia mara nyingi bila kumwangalia mwana wa pili. Mdogo alipoteza mali, akafika kwenye nguruwe. Kilichomrudisha si mapendo bado, ni njaa. Njiani alitunga maneno ya mtumishi: atamwomba baba yake amweke kati ya vibarua. Baba hakumngoja amalize. Alimwona angali mbali, akakimbia, akamkumbatia, akaagiza vazi na pete. Njaa ilimfikisha njiani. Kumbatio la baba lilimfanya awe mwana tena.

Na yule mkubwa? Hakuvunja amri hata moja, naye asema hivyo mwenyewe kwa majivuno. Lakini asimama nje ya nyumba, amekasirika, hataki kuingia. Miaka yote alikuwa akifanya kazi kwa kapita, kumbe alikuwa kwa baba yake. Ndugu, tuogope kuwa kama huyu. Mtu aweza kutokuwa na dhambi kubwa ya kuungama, na bado akawa nje ya karamu.

3. Je, woga hauna kazi?

Hapa yafaa tusikosee njia. Wengine wakisikia habari za mapendo hufurahi upesi mno. Husema: «Mungu ni mwema, anatuhurumia, basi tuendelee tu.» Hayo si mapendo. Mtu asemaye kwamba ampenda mke wake, kisha kila usiku analala kwingine, huyo hampendi. Ampenda nafsi yake na kutaka kusamehewa bure.

Kanisa halikutupa woga. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha juu ya majuto ya namna mbili. Majuto kamili yatoka katika mapendo: nasikitika kwa sababu nimemchukiza Mungu aliye mwema na mwenye kupendeza. Majuto yasiyo kamili yatoka katika kuona ubaya wa dhambi, au katika kuogopa moto na adhabu. Hata haya ya pili, Mtaguso ulisema, ni zawadi ya Mungu, nayo yamtayarisha mkosefu kupokea neema katika sakramenti ya Kitubio. Basi mwenye woga asijidharau. Aje. Lakini asikae mlangoni.

Mtakatifu Augustino alieleza neno hili kwa mfano wa fundi wa nguo. Sindano ni woga, uzi ni mapendo. Uzi hauwezi kupita kwenye kitambaa pasipo sindano. Lakini sindano ikibaki ndani, uzi haupiti. Sindano huingia ili itoke, na kinachobaki kushona nguo ni uzi.

Augustino alijua aliyoyasema. Alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Tagaste mwaka 354, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Ni katika nchi hiyo Kardinali Lavigerie alianzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, ambao miaka kumi na michache baadaye walileta Injili ng'ambo hii ya ziwa Tanganyika, hata Mpala. Augustino alikuwa na akili nyingi na mama mtakatifu, Monika, aliyemlilia miaka mingi. Aliijua dhambi yake, wala hakuipendezesha kwa maneno. Lakini hakuweza kuiacha. Mwenyewe asimulia kwamba alimwomba Mungu ampe usafi wa mwili, ila asimpe upesi. Mazoea yalikuwa yamemfunga kama mnyororo, na kila mwaka mnyororo uliongezeka pete.

Ni nini kilichokata mnyororo ule? Hoja hazikuukata, maana alizikwisha kuzikubali. Woga haukuukata, maana alikuwa nao. Mwaka 386, huko Milano, neno la Mungu lilimwingia moyoni hata akaona kwamba yule aliyekuwa anamkimbia ndiye aliyekuwa anamtafuta tangu ujana. Pasaka ya mwaka 387 askofu Ambrosi alimbatiza. Akawa askofu wa Hippo mpaka kufa kwake mwaka 430, na katika kitabu chake cha maungamo asikitika kwa jambo moja kuliko yote: kwamba alichelewa kupenda. Maumivu yake makubwa ni ya mpendaji aliyepoteza miaka.

4. Petro na Yuda

Usiku ule wa mateso, mitume wawili walianguka vibaya. Yuda alimuuza Bwana. Petro alimkana mara tatu, tena mbele ya kijakazi. Wote wawili walijuta. Yuda alirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akakiri kwamba ametoa damu isiyo na hatia. Tazameni: aliungama kosa lake na kurudisha mali! Wangapi kati yetu hurudisha mali? Lakini aliitazama dhambi yake tu, hakuutazama uso wa Yesu, na majuto yake yakamwua.

Petro naye, Bwana aligeuka akamtazama. Hapo akatoka nje akalia. Baadaye, kando ya ziwa, Yesu alimwita. Tungekuwa sisi tungemwuliza: «Je, utarudia tena?» Tungemwekesha ahadi mbele ya mashahidi. Yesu hakuuliza hivyo. Aliuliza mara tatu jambo moja tu: kama Petro anampenda. Kisha akampa kazi ya kuchunga kondoo wake. Maana Yesu alijua kwamba ahadi ya Petro ilikwisha kuvunjika usiku ule, lakini mapendo yakiwa hai yatamshika mpaka siku ya msalaba wake mwenyewe huko Roma.

Basi wewe uliyechoka kuungama, jiulize: Baada ya kuanguka, natazama wapi? Nikiutazama udhaifu wangu tu, nitakata tamaa. Nikimtazama yeye anayenitazama, nitalia kidogo, kisha nitaamka.

5. Chuki ya baada ya vita

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma sisi wenyewe. Vita iliyoanza mwaka 1998 ilipanda mpaka nyanda hizi. Mwaka 2000 majeshi yalipigana Pepa, kisha mapigano yakashukia Pweto. Watu wengi wa upande huu walikimbilia Zambia, wakakaa miaka katika kambi za Kala na Mwange, na kuanzia mwaka 2007 wengi walivuka tena ziwa kurudi nyumbani kwa njia ya Moba.

Tuchukue mfano wa mtu mmoja kati ya hao. Amerudi, amekuta shamba lake linalimwa na jirani. Ng'ombe wake wamekwisha. Tena amesikia maneno: nani alionyesha njia, nani alikula nyama. Jumapili yule jirani anapiga magoti katika kanisa moja naye. Mtu wetu aungama: «Namchukia.» Padri amwambia asamehe. Ajaribu, kwa kuogopa kukosa Komunyo. Ajizuia kumtukana. Lakini moyoni nyasi zachipua kila mvua. Je, tumwambie nini?

Kwanza tumwambie ukweli: kusamehe si kusema kwamba hakuna kosa. Aweza kwenda kwa chifu au baraza kudai shamba lake kwa haki, wala hiyo si dhambi. Mapendo hayaui haki. Yanayouawa ni ile tamaa ya kumwona mwenzake akiumia.

Pili, tumwambie kwamba nguvu ya kusamehe haitoki ndani ya kidonda chake mwenyewe. Tumtazame kijana wa nchi yetu, Mwenye heri Isidori Bakanja. Alikuwa mfanyakazi tu, alibatizwa mwaka 1906. Alisali rozari na kuvaa skapulari ya Bikira Maria. Mwaka 1909 bwana mmoja mzungu aliyechukia mambo ya dini alimwamuru avue skapulari ile. Bakanja alipokataa alipigwa kwa mjeledi wenye misumari mpaka mgongo ukawa kidonda kimoja. Aliugua miezi kadhaa, akafa mwaka ule ule. Mapadri walipomhimiza asamehe, aliwajibu kwamba hana chuki, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana mtu yule. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri mwaka 1994.

Kijana huyu hakusoma vitabu vikubwa. Wala hakuanza kupenda siku ile ya mjeledi. Alikuwa amezoea kukaa na Mungu siku kwa siku, katika kazi, katika njia, na rozari mkononi. Mti ulikuwa umekwisha kukua. Moto ulipofika haukupata nyasi za kula. Tusingoje siku ya moto ndipo tupande mti.

Tatu, tumwambie aanze na kitu kidogo. Kila jioni amtaje jirani yule kwa jina mbele ya Mungu, na kumwombea heri moja tu: mtoto wake apone, mahindi yake yaive. Mwanzoni maneno yatakuwa makavu kama vumbi. Asijali. Mapendo si joto la moyo, ni nia. Siku moja atashangaa kwamba amemwamkia njiani bila kujilazimisha.

6. Tufanye nini sasa?

Hakuna anayependa asiyekaa naye. Marafiki wasiotembeleana huishia kusahauliana. Hivyo na sisi na Mungu. Basi twawashauri mambo manne, nayo si mapya.

Sala ya kila siku, hata kama ni fupi, lakini kama mtoto asemavyo na baba yake. Usimletee maombi tu kama mtu apelekaye barua ofisini. Mweleze siku yako. Mshukuru kwa jambo moja lenye jina.

Misa na Komunyo. Pale twapokea Mapendo yenyewe. Tusije kama walipa kodi. Tuje kama wenye njaa.

Maungamo. Tusiyafanye kuwa kufua nguo tu ili zichafuke tena. Kuungama ni kurudi kwa Baba. Wazee wa Marungu walijua heshima ya jambo hili. Mwaka 1917, huko Baudouinville inayoitwa leo Moba, mwana wa milima hii, Stefano Kaoze, alipewa daraja la upadri, wa kwanza wa wazalendo wa Kongo katika nyakati hizi. Tangu siku ile waliweza kusikia maneno ya kuondolewa dhambi kinywani mwa ndugu aliyezaliwa kati yao. Baba yetu hakutaka huruma yake iwe kitu cha kigeni.

Na mwisho, tuepe njia ya dhambi, lakini tujaze nafasi iliyobaki. Aliyeacha kilabu cha pombe asikae peke yake gizani akipigana na kiu. Aende kwa mgonjwa, akae na watoto wake, aimbe na wanakwaya. Moyo hauwezi kukaa mtupu; usipokaa mgeni mwema, atarudi yule mbaya na wenzake saba.

Na ukianguka tena? Amka siku ile ile. Usingoje Pasaka. Mtoto ajifunzaye kutembea huanguka mara nyingi, wala mama hahesabu maanguko, ahesabu hatua.

Wapendwa, hatuwaahidi kwamba majaribu yatakoma. Hata watakatifu waliyaona mpaka kufa. Twawaambia tu yale Kanisa lililotufundisha na ambayo sisi wenyewe tumeanza kuyaonja: dhambi tuliyoipiga miaka mingi bila kuishinda, huanza kupoteza ladha siku tunapomwonja Mungu. Jioni hii basi, kabla ya kuhesabu dhambi zako, kaa kwanza kimya na umwache akutazame kama alivyomtazama Petro. Kisha mjibu swali lake.

Mama Bikira Maria, kimbilio la wakosefu, utuombee.